Mgeni Aliyepita Daka: Kuisoma Nyumba ya Kiungwana ya Lamu

Watu wengi huimaliza Nyumba ya Kiswahili ya Lamu kwa robo saa. Wanaingia mlangoni, wanakata kiwanda, yaani uwanja wa ndani, wanaupiga picha ukuta wa vidaka, vile vishubaka vya ukutani, wanapanda ngazi hadi jikoni, wanashuka, wanatoka. Kwa mwendo huo wamekwisha kufanya jambo ambalo mgeni wa karne ya 18, awe na kilemba cha namna gani, asingeruhusiwa kulifanya: wamefika ndani. Nyumba hii ilijengwa ili asiyehusika asimamishwe hatua kwa hatua kabla ya kufika huko. Makumbusho yameigeuza nje ndani. Tiketi moja, na milango yote i wazi. Basi njia nzuri ya kuitembelea ni kuvirudisha vile vizuizi kichwani, na kusimama kila mahali ambapo mtu wa zamani angesimamishwa.

Nyumba iko Mkomani, nusu ya kaskazini ya mji wa kale, ambako waungwana walijenga kwa mawe. Langoni, nusu ya kusini, kwa muda mrefu kulikuwa zaidi na nyumba za udongo na makuti. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupambwa kwa samani za zama zake, na iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Usiichanganye na Makumbusho ya Lamu yaliyoko ufukweni, katika jumba la karne ya 19 lililowahi kukaliwa na maofisa wa Kiingereza, wala na Ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na kutumika kama gereza hadi 1984. Ukiwa na siku moja tu, anza ufukweni. Humo mna siwa, yaani baragumu kubwa za heshima, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Ukishaziona siwa utaelewa waungwana walikuwa watu wa aina gani: watu ambao hata harusi yao ilitangazwa kwa chombo ambacho si kila mtu aliruhusiwa kupuliziwa.

Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Nyumba haina madirisha ya njiani, na mwanga wote unaingilia kiwandani. Mapema mno jua halijashuka chini ya kuta. Jioni vyumba vya nyuma ni giza tupu, na picha zitakuwa za ukungu. Chukua tochi ndogo kwa ajili ya kutazama dari. Vaa kwa adabu kama unavyovaa kokote katika mji wa Waislamu, na kama nguo yako ni nyeusi usiegemee ukuta. Sababu nitaifikia.

Anza nje. Daka ni ukumbi mdogo uliozama katika ukuta wa njia, wenye mabaraza ya mawe kushoto na kulia na mlango wa mbao katikati. Mlango una mbao mbili, na mhimili wa katikati unaozifunika pale zinapokutana unaitwa mfaa. Ubao wenye mfaa ndio mlango dume, mwenzake ni mlango jike. Dume hufungwa wa mwisho na kufunguliwa wa kwanza. Tazama mlango ulivyoning'inia: hauna bawaba. Kila ubao una ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti, na ndiyo maana mlango wa zamani huanza kuburura chini upande mmoja. Si kwamba ubao umepinda, ni ncha ya chini iliyolika. Fundi asiyejua hukata ubao kwa chini ili upite, na hapo nakshi inapoteza mstari wake. Fundi anayejua huinua mlango na kutengeneza ncha.

Kaa kidogo kwenye baraza. Hapa ndipo biashara ilipozungumzwa, kahawa ikanywewa, habari za majahazi zikatolewa. Kwa wanaume wengi wa mji, hapa ndipo nyumba ilipoishia.

Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi wa ndani. Angalia kitu kimoja tu: njia inapinda. Kutoka dakani huwezi kuuona uwanja hata mlango ukiachwa wazi, kwa kuwa mbele yako mna ukuta. Hapa karibu, au kwa ngazi inayotokea hapa, kwenye nyumba kubwa utakuta sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyekuja na upepo wa kaskazi hakuweza kurudi kwao mpaka kusi ivume, kwa hiyo ugeni haukuwa wa siku tatu. Ulikuwa wa miezi. Sabule ilimlaza, ikamlisha, ikamheshimu, na muda wote huo ikamweka mbali na wanawake wa nyumba bila mtu kumwambia neno. Ni ustadi wa ujenzi ambao haupati sifa unayostahili, kwa sababu hauna nakshi.

Kiwanda ni uwanja usioezekwa. Hapo utaanza kusikia majina ya Kiamu, lahaja ya Lamu: msana wa tini, msana wa yuu, ndani. Msana ni ukumbi mrefu, tini ni chini, yuu ni juu, lakini usitafute ngazi. Misana yote miwili iko ghorofa moja, mmoja nyuma ya mwingine, na "yuu" maana yake ni kwamba sakafu imeinuka kidogo. Kutoka kiwandani unapanda kwenye msana wa tini, kutoka hapo unapanda tena kwenye msana wa yuu, na tena kuingia ndani. Kila unavyozama ndivyo unavyopanda. Miguu inajua heshima ya chumba kabla ya macho, na wageni wanaotembea huku wakiangalia simu hujikwaa kwenye kila daraja ya heshima hiyo.

Misana imefunguka upande wa kaskazini, kuelekea kiwandani. Lamu iko kidogo kusini ya ikweta, na Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yake, kwa hiyo aliyeketi msanani akitazama uwanja ameelekea kibla. Kuna na faida ya hali ya hewa. Miezi ya kaskazi, wakati joto ni kali kuliko yote, jua la mchana hupita upande wa kusini, na kinywa cha msana hubaki kivulini. Katikati ya mwaka jua huhamia kaskazini na kuchungulia ndani, lakini wakati huo kusi inavuma na mji umepoa.

Sasa washa tochi, tazama juu. Kila chumba katika nyumba hii ni kirefu na chembamba kama ushoroba, na anayeulizwa kwa nini husema ni desturi. Jibu liko darini. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti inayoweza kubeba sakafu ya mawe haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Upana wa chumba uliamuliwa mikokoni, hata kabla fundi hajachora msingi. Urefu ulikuwa hiari ya mwenye nyumba. Upana haukuwa wa mtu yeyote. Wakata mikoko wa Lamu hadi leo hutaja miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni mti wenye kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 14 hivi, na huuzwa kwa korija, yaani miti 20. Katika nyumba za kawaida boriti huachwa za mviringo. Katika nyumba za kiungwana zilichongwa zikawa na pembe nne, zikapakwa rangi, nyekundu na nyeusi. Tafuta mabaki ya rangi hiyo kwenye pembe, karibu na ukuta, ambako moshi wa taa na mikono ya wapaka chokaa havikufika.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, halafu hupigiliwa. Kupigilia sakafu ilikuwa kazi ya kundi: watu wamepanga mstari, kila mmoja na kipande cha mti, wanapiga kwa mdundo na nyimbo siku kadhaa mpaka chokaa imeshikamana na maji hayapiti. Sakafu hiyo ni nzito mno. Uzito wote unabebwa na ncha za boriti zilizozama ukutani, na ndizo hufa kwanza. Katikati mti unapumua hewa na waweza kuwa mzima baada ya miaka mingi. Ncha iko gizani, inafyonza unyevu wa ukuta, inaoza bila kuonekana. Dalili ni ufa mwembamba unaofuata kona ya dari na ukuta, au sakafu ya juu inayolalia upande mmoja. Ukiona boriti mpya imelala ubavuni mwa kuukuu, hapo mafundi wamekuta ncha iliyooza wakaamua kusaidia badala ya kung'oa. Uamuzi mzuri. Kung'oa boriti moja hulegeza mawe ya jirani zake wote.

Ndani ndicho chumba ambacho picha zote hupigwa, na hapa nataka ukae. Ukuta wa mwisho umejaa vidaka, zidaka kwa Kiamu, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo, vimezungukwa na nakshi za lipu. Anza na swali la kazi yake. Si makabati: vingi ni vifupi kwenda ndani, na vya juu havifikiki bila kigoda. Vilikuwa vya kuonyesha. Sahani na mabakuli ya Kichina, misahafu, vyombo vya marashi. Mshairi wa utenzi wa Al-Inkishafi, alipoyalilia majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, alivitaja vidaka vya sahani ambamo sasa makinda ya ndege yamelala. Kwake kidaka kitupu kilitosha kumaanisha ukoo ulioisha. Palikuwa na imani pia kwamba chombo cha kaure kinapokea kijicho badala ya watu wa nyumba, na chumba chenye mwali, mzazi na mtoto mchanga ndicho kilichohitaji kinga hiyo zaidi. Halafu kuna hila ya macho. Chumba hakiwezi kupanuliwa, boriti zimekataa, basi ukuta unatobolewa ili jicho lipate pa kuingia.

Sogea karibu, kiasi cha shubiri mbili, bila kugusa. Nakshi haikumiminwa kwenye kalibu. Chokaa ilipakwa nene, ikachorwa, ikakatwa kwa kisu ingali mbichi. Mkato wa asili una ukingo mkali na kitako kilicholala mteremko, na mikato miwili ya ua lilelile hailingani kabisa. Ukiona sehemu ambapo maua yote ni mapacha na kingo ni butu kidogo, umefika kwenye kiraka cha ukarabati. Ukiona sehemu ambapo nakshi imekuwa kama imefunikwa na shuka, ni tabaka za chokaa ya maji zilizopakwa mwaka baada ya mwaka na watu waliopenda nyumba yao ing'ae. Hawakukosea, ukuta wa chokaa lazima upakwe. Lakini matabaka yanajaa katika mikato, na kuyatoa ni kazi ya kisu kidogo na subira. Anayefanya haraka huondoa tabaka pamoja na nakshi.

Nyuma ya ndani kuna vyumba viwili ambavyo wengi hawavipi hata dakika. Kimoja ni nyumba ya kati, chumba kisicho na mwanga, ndani kuliko vyote. Hapo ndipo watoto walizaliwa na maiti waliandaliwa. Muundo wote wa nyumba, mapindo na madaraja yake, unaishia kwenye chumba hiki kisicho na pambo hata moja, na kama kuna mahali pa kuzima simu ni hapa. Kingine ni choo, na choo cha muungwana si cha kupita haraka. Kina birika la maji lililojengwa kwa lipu laini, na katika sakafu ya birika hutiwa bakuli la kaure. Ndani ya maji waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hukimbilia ndani ya bakuli, ambamo daima hubaki kiasi cha kuwaweka hai mpaka birika lijazwe tena. Bakuli lilelile ambalo lingeng'ara kidakani linafanya kazi chooni.

Maji ya birika hayakujileta. Mtumwa aliyachota kisimani akayabeba. Nyumba ya kiungwana iliendeshwa na watumwa, ambao mara nyingi walilala ghorofa ya chini pamoja na bidhaa, na utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Maelezo ya nyumba za namna hii huwa marefu kwenye kiti cha enzi na mafupi mahali hapa. Kiti cha enzi kinastahili kutazamwa, mpingo wenye nakshi za pembe na mfupa na mgongo wa uzi uliosukwa, lakini ukimaliza nenda ukaangalie kinu, jiwe la kusagia na ngazi ya kwenda jikoni. Jiko liko juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na hatari ya moto viwe mbali na vyumba. Pima ngazi hiyo kwa miguu yako, kisha mfikirie mtu aliyeipanda na mtungi kichwani mara kadhaa kwa siku. Ukiwa hapo juu utaweza pia kuona, katika mitaa ya jirani, wikio: chumba au daraja lililovuka njia kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wapite kwa jamaa zao bila kukanyaga mtaani.

Nimesema usiegemee ukuta na nguo nyeusi. Ukuta wa nyumba kama hii, wenye unene wa nusu mita hivi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukikarabatiwa sawasawa utakupaka weupe. Hicho ndicho kipimo chepesi kuliko vyote. Mkono ukitoka safi kwenye ukuta mweupe laini, pengine umepakwa rangi ya mafuta au ya plastiki, na matatizo yako njiani.

Jiwe la matumbawe lina matundu na chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia na mvua, kisha hutoka kwa kupitia lipu. Lipu ya chokaa inauruhusu. Saruji haiuruhusu. Fundi anapoona lipu ya zamani imedondoka chini ya ukuta huona dawa ni saruji, kwa kuwa inakauka kesho na ni ngumu. Kwa mwaka mmoja au miwili inapendeza. Lakini unyevu uliokosa njia hupanda juu zaidi, chumvi hukauka nyuma ya saruji na kuwa fuwele, fuwele husukuma, na siku moja kipande kizima huanguka kikiwa kimebeba uso wa jiwe. Na ule unyevu uliopanda umefika wapi? Kwenye ncha za boriti. Ukipita mitaani Mkomani utaona alama ya ugonjwa huu: mkanda wa kijivu chini ya ukuta, na juu yake kidogo doa lenye unga mweupe kama pamba.

Chokaa yenyewe haina siri, ina muda tu. Magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, tanuri linawashwa. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji. Yanachemka, yanapasuka, yanakuwa unga. Hapa ndipo haraka inapoharibu. Chokaa ikae kwenye maji wiki kadhaa, ikiwezekana miezi, kisha ichekechwe. Vibonge ambavyo havikuiva majini vikiingia kwenye lipu vitaendelea kunyonya unyevu ukutani, vivimbe, vifyatuke, na ukuta utajaa mashimo kama uliodonolewa na kuku. Kwa lipu ya kawaida kipimo ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga. Mchanga usiwe wa pwani ambao haujaoshwa, maana utakuwa unaurudishia ukuta chumvi uliyokuwa unaipigania itoke. Lipu inapakwa kwa matabaka membamba, sentimita 1 au chini ya hapo, na kila tabaka lisubiriwe. Chokaa haigandi kwa kukauka bali kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu, hivyo ukuta mbichi hufunikwa magunia yaliyoloweshwa, hasa kaskazi inapovuma. Lipu iliyokauka kwa siku mbili inakuwa unga chini ya kidole.

Ukiyajua haya, utaona kwenye nyumba iliyokarabatiwa kile ambacho maelezo ya ukutani hayasemi: wapi fundi alikuwa na muda, wapi bajeti ilimbana. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole lipu isiyo na nakshi, kama msimamizi ameruhusu. Ikilia kama mtungi mtupu, imeachana na jiwe.

Usitoke moja kwa moja kurudi Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ukifika mlangoni geuka, ukae tena kwenye baraza la daka kwa dakika tano, mlango ukiwa wazi nyuma yako. Punda watapita, watoto wa madrasa watapita. Tazama ndani kutoka hapo. Utaona ubao wa mlango, kipande cha tekani, na ukuta mtupu pale njia inapopinda.